Bakteria wa tope na urani ya ziwani: mwongozo kamili wa kuchunguza kama inashikwa au inaachiwa

Ripoti nyingi kuhusu maziwa yaliyopokea maji ya migodi ya urani huishia kwenye jedwali moja: kila kilo ya tope kavu ina miligramu kadhaa za urani. Namba hiyo ni ya lazima, ila haijibu swali wanalouliza watu wa ukingoni: itakaa humo humo topeni, au ipo siku itarudi majini? Sehemu kubwa ya jibu wanayo bakteria wanaoishi kwenye tope hilo, na hapa naeleza hatua kwa hatua namna ya kuwauliza.

Nimemwandikia mwanafunzi wa kemia, jiolojia au biolojia anayeanza utafiti, na pia afisa wa bonde la maji anayetaka kujua amdai nini mtaalamu aliyemkodi. Mfano nitakaourudia ni Ziwa Saint-Clément katikati ya Ufaransa, bwawa lililojengwa kwenye mto Besbre. Juu ya mto huo kulikuwa na mgodi wa urani wa Bois-Noirs Limouzat, uliofanya kazi kuanzia 1955 hadi 1980, na topesumu lake, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa urani, bado limehifadhiwa chini ya maji nyuma ya ukuta. Watafiti walipochota mashapo ya ziwa hilo walikuta jambo ambalo vitabu vya zamani visingelitabiri. Nitalifikia.

Hatua ya 1: Zitenganishe sura mbili za urani

Urani majini ina hali mbili unazopaswa kuzifuatilia. Ya kwanza ni urani sita, iliyopoteza elektroni sita. Hiyo huyeyuka kwa urahisi, hasa ikikutana na kaboneti, na ikiwa kuna kalsiamu ya kutosha huunda mchanganyiko wa urani, kalsiamu na kaboneti ambao bakteria hupata taabu kuugusa. Ya pili ni urani nne. Hiyo huyeyuka kidogo mno, kwa hiyo hukaa kwenye tope.

Kwa miaka mingi somo lilikuwa jepesi: bakteria akiipa urani sita elektroni mbili inakuwa urani nne, inaganda kuwa madini ya uraninaiti, kazi imekwisha. Mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake walionyesha kwamba bakteria wanaopumulia chuma (wanaokitupia chuma elektroni zao kama sisi tunavyoitupia oksijeni) wanaweza kufanya hivyo hasa, na tangu hapo watu wengi waliona dawa ya uchafuzi imepatikana.

Kumbe urani nne nayo ina sura mbili. Inaweza kuwa fuwele ya uraninaiti, ngumu na tulivu kiasi. Inaweza pia kuwa atomu moja moja zilizong'ang'ania mabaki ya viumbe, fosfeti za kuta za seli au uso wa chembe za udongo, bila fuwele yoyote. Huko Saint-Clément, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba urani nne iliyopo ni ya aina hii ya pili. Na aina hii hurudi majini upesi kuliko uraninaiti ikiguswa na oksijeni au maji yenye bikaboneti nyingi.

Tafadhali lishike hilo, maana ndilo litakaloamua kila unachofanya kuanzia hatua ya 5. Urani kupokea elektroni ni jambo moja. Urani kufungwa ni jambo jingine. Ripoti inayosema "asilimia kubwa ni urani nne, hivyo ziwa ni salama" imeruka hatua.

Hatua ya 2: Jua nani anapumulia nini, na kwa zamu ipi

Bakteria wa tope wanakula mabaki ya majani, mwani na vinyesi vya wadudu. Wakishakula wanabaki na elektroni za kutupa, na wanamtupia yeyote aliye tayari kuzipokea, wakianza na yule anayewapa nguvu nyingi. Zamu inakwenda hivi: kwanza oksijeni, kisha nitrati, kisha manganizi, kisha chuma kilichopata kutu, kisha salfeti, na mwisho kabisa wanabaki watengeneza methani. Kwenye ziwa lenye chakula kingi, zamu zote hizi zinaweza kupangana ndani ya sentimita chache za tope.

Urani hubadilika zaidi pale zamu ya chuma inapoanza, na huendelea hadi zamu ya salfeti. Ila usidhani bakteria wanaitafuta. Chuma kwenye tope huhesabiwa kwa gramu kwa kila kilo, urani kwa miligramu. Bakteria aitwaye Geobacter anaishi kwa chuma. Urani inapita mlangoni kwake naye anaipa elektroni zile zile, kwa protini zile zile za nje ya seli. Wapo pia wanaopumulia salfeti, kama Desulfovibrio, wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Halafu ipo njia ya pembeni, na kwenye maziwa mengi nadhani inadharauliwa. Bakteria wa chuma huacha chuma mbili (chuma kilichopoteza elektroni mbili; cha kutu, chuma tatu, kimepoteza tatu), na wa salfeti huacha salfaidi. Hivi viwili vikikutana huunda salfaidi ya chuma, ile rangi nyeusi ya tope linalonuka mayai viza. Salfaidi ya chuma, na chuma mbili iliyokaa juu ya madini, zinaweza kuipa urani elektroni bila bakteria yeyote kuigusa. Kwa hiyo hata urani isipopita mkononi mwa bakteria, mazingira yaliyoibadili yametengenezwa na wao.

Bakteria hao hao pia wanaachia urani. Kutu ya chuma hushikilia urani sita kwenye uso wake. Bakteria akiiyeyusha kutu hiyo, mzigo unaanguka majini. Nitrati kutoka mashambani ikiingia topeni, wanaoipumulia wanaweza kuirudisha urani nne kuwa urani sita, moja kwa moja au kupitia chuma. Na kwenye topesumu lenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, bakteria wa jamii ya Acidithiobacillus hutengeneza asidi na chuma tatu zinazoyeyusha urani. Huko Elliot Lake, Kanada, wachimbaji waliwatumia bakteria hao kwa makusudi kutoa urani kwenye miamba chini ya ardhi. Yaleyale yakitokea bila kupangwa kwenye lundo la topesumu, yanaitwa uchafuzi.

Hatua ya 3: Chimba historia kabla ya kuchimba tope

Kabla ya kushusha chombo chochote majini, kusanya mambo haya. Mgodi ulifunguliwa na kufungwa lini? Maji yake yaliingia yakiwa yamesafishwa kwa nini: chokaa, bariamu, au hayakusafishwa? Ziwa ni la asili au bwawa, na kama ni bwawa, hushushwa maji lini? Je, maji ya chini hukosa oksijeni msimu fulani? Kuna mbolea inayoingia?

Swali la kushushwa maji ni zito kuliko linavyoonekana. Tope lililokaa miaka bila hewa likianikwa juani kwa wiki kadhaa hupata oksijeni hadi ndani ya nyufa zake, na ile urani isiyo na fuwele ndiyo ya kwanza kuondoka mvua zikirudi.

Kwetu Afrika Mashariki swali la kaboneti ndilo la kwanza. Urani iliyogunduliwa Bahi na Manyoni imekaa kwenye mabonde ambako maji ya msimu hujikusanya na kukauka, na maziwa ya Bonde la Ufa yenye magadi yana kaboneti kwa wingi usiopatikana Ufaransa. Kwenye maji ya namna hiyo urani sita hupendelea kubaki imeyeyuka, na matokeo ya ziwa la maji baridi la Ulaya hayawezi kuhamishwa hivi hivi. Anayefanya kazi karibu na mto Mkuju kule Namtumbo ana mazingira mengine tena. Pima ukali wa magadi wa ziwa lako kabla hujaazima hitimisho la mtu.

Hatua ya 4: Vibali na usalama

Hapa nitakuwa mfupi. Tanzania uombe ushauri na kibali kwa Tume ya Nguvu za Atomu. Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Uganda ni Baraza la Nguvu za Atomu. Kusafirisha sampuli nje ya nchi ni kibali kingine, na huchukua muda, kwa hiyo kianze mapema kuliko unavyodhani.

Urani asilia hudhuru figo kwa kemikali yake kabla mionzi yake haijawa hoja kubwa. Ndiyo maana kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, mikrogramu 30 kwa lita, kimejengwa juu ya sumu ya kemikali. Kwa upande wa mionzi, kila miligramu ya urani hutoa takriban bekereli 12.4 za urani-238. Tope lenye miligramu 80 kwa kilo linakaribia bekereli 1,000 kwa kilo, kiwango ambacho Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hukitumia kama mstari wa kuanza kufikiria udhibiti. Tope bichi si la kuogopwa sana. Hatari ni vumbi la tope lililokaushwa na kusagwa, na gesi ya radoni kwenye chumba kisicho na madirisha. Vaa glavu na barakoa, saga ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, usile maabara.

Kumbuka pia redi (radiamu), elementi yenye mionzi inayozaliwa urani inapooza, iliyo na tabia zake. Migodi iliyosafisha maji kwa bariamu imeficha redi ndani ya bariti, yaani salfeti ya bariamu. Salfeti ikiisha topeni kwa sababu bakteria wameimaliza, bariti inaanza kuyeyuka na redi inatoka. Mazingira yanayoishika urani yanaweza kuiachia redi. Ipime.

Hatua ya 5: Kuchota tope bila kulitia hewa

Sehemu hii ndiyo inayoharibu tafiti nyingi. Ukishaliruhusu tope kugusana na hewa kwa saa chache, chuma mbili inapata kutu, urani nne isiyo na fuwele inaanza kuwa urani sita, na hakuna mashine duniani itakayokurudishia ukweli.

Tumia bomba la uzito lenye mrija wa plastiki angavu, wa kipenyo cha sentimita 8 hadi 10. Lishushe polepole mita ya mwisho ili lisilipulie lile tabaka laini la juu, ambalo ndilo lenye habari nyingi. Bomba likipanda, maji yaliyo juu ya tope yawe bado maangavu; yakiwa yamevurugika, mwaga, sogea mita chache, rudia. Usione aibu kurudia. Ziba chini na juu, acha maji yake yamo, lisimamishe wima, lifunike lisipate jua, na ulipeleke kwenye baridi ile ile ya sakafu ya ziwa.

Chota mabomba yasiyopungua matano mahali pamoja: la maji ya ndani, la urani kwenye tope, la DNA, la kupima umri, na la majaribio ya chupa. Kujaribu kubana kazi zote kwenye bomba moja ni kujinyima. Chota pia mahali pa kulinganisha, penye maji ya aina hiyo hiyo lakini juu ya mgodi.

Kabla ya kukata, pitisha sindano ya kupimia oksijeni kutoka juu kwenda chini kwa hatua za nusu milimita. Kwenye tope lenye chakula kingi utashangaa: oksijeni huisha ndani ya milimita chache tu. Kisha kata vipande ndani ya sanduku la glavu lililojaa naitrojeni, sentimita moja moja kwa sentimita kumi za juu, halafu mbili mbili kwenda chini. Kama huna sanduku la glavu, mfuko mkubwa wa plastiki wenye mikono, uliojazwa naitrojeni ya mtungi mara tatu au nne, unafanya kazi ya kutosha kwa maji ya ndani na kwa chupa. Kwa vipimo vya sinkrotroni, mashine kubwa ya eksirei kali nitakayoieleza hatua ya 7, usijidanganye nao.

Kila kipande kigawe papo hapo. Cha urani kifungwe kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa na kigandishwe. Cha DNA kiingie kwenye chupa safi na moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika au barafu kavu. Kamwe usikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kipande unachotaka kujua hali ya urani yake. Oveni ni ya kupima unyevu tu.

Umri wa tabaka hupatikana kwa kupima atomu zenye mionzi za risasi-210 na seziamu-137. Ulaya kuna alama mbili nzuri za seziamu: majaribio ya mabomu yaliyofikia kilele 1963, na Chernobyl 1986. Kwetu alama ya pili haitegemeki, kwa hiyo risasi-210 ndiyo itakayobeba mzigo. Bila umri huwezi kusema kama urani iliyo sentimita ya 20 iliingia tabaka hilo lilipotua au ilihamia baadaye.

Hatua ya 6: Maji ya ndani ya tope

Toboa matundu madogo ubavuni mwa mrija kabla ya safari, yazibe kwa utepe, kisha uyatumie kuchomekea vijiti vya kunyonyea maji vyenye vitundu vya mikromita 0.15. Unaunganisha bomba la sindano, unalivuta, na maji yanaingia yakiwa yameshachujwa bila kuonja hewa. Mwenye muda anaweza kusimika ubao wa vyumba vya utando ziwani kwa wiki mbili hadi nne, ili maji ya ndani yalingane na maji ya vyumba.

Katika kila kina unahitaji urani, chuma mbili, manganizi, kalsiamu, nitrati, salfeti, salfaidi, bikaboneti, pH na kaboni ya viumbe iliyoyeyuka. Chuma mbili ipimwe pale pale kwa ferozini, rangi ya zambarau ikitokea ndiyo hiyo. Salfaidi ishikwe mara moja kwa zinki asetati. Maji ya kupima urani yatiwe asidi ya nitriki asilimia 2 na kusubiri ICP-MS, mashine inayopima metali hata zikiwa kidogo mno.

Jihadhari na neno "imeyeyuka". Chembe ndogo sana za urani nne zilizobebwa na kaboni au chuma hupita kwenye kichujio cha mikromita 0.45 na kuonekana kama urani iliyoyeyuka. Ukipata urani nyingi majini mahali ambapo kemia yote inasema haiwezekani, chuja tena kwa utando mdogo zaidi kabla hujaandika ugunduzi.

Sasa chora urani dhidi ya kina, usome umbo la mstari. Urani ikishuka kadiri unavyokwenda chini, tope linavuta kutoka ziwani. Ikiwa na mlima sentimita chache chini ya uso, pale pale chuma mbili inapoanza kupanda, kutu inayeyuka na kuachia mzigo, ambao sehemu yake hurudi juu na sehemu hushuka na kushikwa. Mlima huo ukionekana msimu wa joto na kupotea msimu wa baridi, umeshaanza kuwajua bakteria wako.

Hatua ya 7: Urani iliyo kwenye tope lenyewe

Urani yote hupatikana kwa kuyeyusha tope kwa asidi, ikiwemo hidrofloriki, kazi ya maabara yenye mafunzo maalumu. Linganisha na sehemu safi. Ganda la dunia kwa wastani lina kama miligramu 2.7 kwa kilo, lakini granaiti za Limouzat au za kwetu zinaweza kuwa na zaidi bila mgodi wowote.

Kwa sura ya urani, kipimo cha bei nafuu ni bikaboneti. Chukua tope bichi ndani ya naitrojeni, litikise kwa saa 24 kwenye sodiamu bikaboneti ya mola 1 isiyo na oksijeni, chuja, pima urani iliyotoka na iliyobaki. Inayotoka ni urani sita pamoja na urani nne isiyo na fuwele. Inayobaki ni uraninaiti na madini magumu mengine. Kipimo hiki hakitenganishi kila kitu, lakini kwa maabara yenye mtungi wa naitrojeni na mashine ya kutikisa, ningekifanya kabla ya kingine chochote. Kinajibu karibu kabisa swali la mtu wa ukingoni: ni kiasi gani kinaweza kuondoka?

Ushahidi wa mwisho ni eksirei za sinkrotroni. Unaimulika sampuli kwa nguvu ya karibu elektronivolti 17,166 na mkunjo wa mwanga unakueleza uwiano wa urani sita na nne. Kipimo pacha chake hutafuta jirani wa urani: kama kuna urani nyingine umbali wa takriban angstromu 3.85, una uraninaiti. Kama hayupo, una atomu moja moja. Sampuli iwe kwenye baridi kali wakati wote, la sivyo eksirei zenyewe zitaibadili. Afrika haina sinkrotroni bado. SESAME ya Jordan, iliyofunguliwa 2017, ndiyo ya karibu yenye mwanga wa aina hii, na huko pia utaulizwa vibali vya sampuli zenye mionzi.

Kuna anayesema atomu hizo moja moja ni hatua ya mpito tu, mwishowe zitakuwa fuwele. Ziwa Nègre, kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, lina urani iliyoingia kiasili. Tabaka zake za miaka 3,300 zilionyesha kwamba urani nne ilikuwa imeungana na silika kuwa minyororo, bado haijawa fuwele kamili. Miaka elfu tatu! Bodi ya maji haitasubiri.

Hatua ya 8: Nani yupo

Toa DNA, soma jeni ya 16S inayotambulisha aina za bakteria, hesabu jeni ya dsrAB kwa wanaopumulia salfeti na mcrA kwa watengeneza methani. Orodha utakayopata ni ndefu na inapendeza kwenye michoro, na hapo ndipo wengi hupotea. Jina la Geobacter kwenye orodha linaonyesha kwamba yupo, au alikuwepo. Halionyeshi anafanya nini leo. Ukiwa na fedha, soma RNA, inayoonyesha jeni zinazotumika sasa. Zisipotosha, ulizonazo ziweke kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 9: Chupa za majaribio

Changanya tope la kina kimoja na maji ya ziwa yaliyopulizwa naitrojeni yenye kaboni dayoksaidi kidogo, ujaze chupa za kioo, uzibe kwa vizibo vizito vya mpira wa butili. Kila kundi liwe na chupa tatu. Kundi la kwanza ni tope lilivyo. La pili limeuawa. Mionzi ya gama ni bora, maana mvuke wa otoklevu hubadili tope lenyewe na kumwaga kaboni majini. La tatu linapewa asetati, chumvi ya asidi ya siki ambayo bakteria huila. La nne linapewa asetati na molibdati, ambayo huwazuia wanaopumulia salfeti. La tano linapewa nitrati.

Ongeza urani sita kwa kiasi kilicho karibu na cha ziwa lako. Nimesoma tafiti zinazoweka mara elfu moja zaidi ili mashine ione vizuri; kwa kiwango hicho fuwele huundika upesi na unajifunza habari za chupa, si za ziwa. Weka kwenye giza, kwenye joto la sakafu ya ziwa. Chota kwa sindano kila siku mbili mwanzoni, kisha kila wiki.

Urani ikipungua kwenye chupa hai na kubaki kwenye iliyouawa, bakteria wanahusika. Ikipungua kwenye zote mbili, ama imegandamana tu na udongo au salfaidi ya chuma iliyokuwepo tayari ndiyo iliyofanya kazi. Molibdati ikisimamisha kila kitu, mtuhumiwa ni mpumulia salfeti. Ikiwa bikaboneti inapanda kwa kuwa bakteria wanaila asetati, angalia urani sita isije ikazuiliwa majini na hiyo hiyo bikaboneti. Hilo huwachanganya wengi.

Halafu, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako, zifungue. Urani ikishakaa, gawa chupa: moja ipate hewa, moja nitrati, moja bikaboneti bila hewa. Pima kinachorudi baada ya saa moja, siku moja, wiki moja. Mkunjo huo wa kurudi, yaani mstari wa grafu unaoonyesha urani ikirudi majini, una thamani kuliko mkunjo wa kushuka, na ndio unaokosekana kwenye ripoti nyingi.

Hatua ya 10: Piga hesabu

Tuseme maji juu ya tope yana mikrogramu 20 za urani kwa lita, na sentimita 2 chini zimebaki 5. Tope lina nafasi za maji asilimia 90. Mwendo wa urani ndani yake, ukisharekebishwa kwa kuwa njia kati ya chembe huzungukazunguka, uuchukue kuwa mita za mraba 3.6 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde. Zidisha 0.9, mara mwendo huo, mara tofauti ya mikrogramu 15,000 kwa mita ya ujazo iliyogawanywa kwa mita 0.02. Ukibadili sekunde kuwa mwaka unapata karibu miligramu 8 kwa kila mita ya mraba.

Sasa tuseme kila mwaka kilo 2 za chembe kavu zinatua kwenye mita hiyo hiyo, zikiwa na miligramu 100 za urani kwa kilo. Hiyo ni miligramu 200. Kwa mfano huu urani nyingi imefika ikiwa imeshika chembe, na kazi ya bakteria ni kuamua itafanywa nini baada ya kufika. Fanya hesabu hii kwa namba zako kabla ya kumwambia mtu kwamba tope "linasafisha" ziwa. Kumbuka mapovu ya methani na minyoo huchimbua tope na kuharakisha mwendo, kwa hiyo hesabu hii ni ya chini kabisa.

Mwenye bajeti aongeze isotopu, yaani atomu za urani zinazotofautiana uzito. Bakteria wanapoibadili urani sita, ile nzito, urani-238, hujikusanya zaidi kidogo kwenye kilichoganda, tofauti ya karibu sehemu moja kwa elfu au pungufu. Maji yaliyobaki yakiwa mepesi kwa namna hiyo, una dalili nzuri kwamba kuna ubadilishaji na si kugandamana tu.

Ukiulizwa: basi tuwalishe bakteria?

Utaulizwa. Huko Rifle, Colorado, mwaka 2002, asetati ilimiminwa kwenye maji ya ardhini yaliyochafuliwa na kinu cha zamani cha urani. Geobacter waliongezeka, urani majini ikashuka ndani ya wiki chache. Kisha chuma kilichofikika kikapungua, wapumulia salfeti wakashika zamu, na urani ikaanza kupanda tena wakati asetati bado inamiminwa. Hayo yalikuwa maji ya ardhini, yaliyofunikwa. Ziwa lina upepo, mafuriko na msimu wa maji kupinduka, na kulilisha asetati ni kuwanyima samaki oksijeni. Nisingependekeza.

Kinachopendekezeka mara nyingi ni cha kuchosha: usiruhusu tope lianikwe, zuia nitrati inayotoka mashambani, usilichimbue bila kufanya kwanza kipimo cha bikaboneti, na pima maji ya chini mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na katikati ya masika. Bwawa likihitaji kushushwa kwa ukarabati, mhandisi apewe mkunjo wako wa kurudi kwa urani pamoja na tarehe ambayo tope linaanza kupasuka, ili ajue ana siku ngapi za kufanya kazi kabla ya kulazimika kurudisha maji.